Pemba ya Chef de Gare

Siku Paulin alipoacha kurudi nyumbani, nilikuwa ninachekecha unga.

Ilikuwa Alhamisi. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Asubuhi alikunywa chai amesimama, kama kawaida yake. Paulin, mume wangu, alikuwa dereva wa lori. Alibeba mahindi na samaki kwenye barabara ya Kasenga. Kabla ya kutoka alienda nyuma ya nyumba, penye sanduku lenye wavu. Nilimsikia akiongea na mjusi wake.

"Chef, linda nyumba. Treni ikifika, piga kengele."

Exaucée, binti yetu, alicheka. Alicheka kila asubuhi kwa neno hilo hilo.

Mchana simu ililia. Mwanamume nisiyemjua aliniuliza, "Weye njo ulikuwa bibi ya Paulin?"

Ulikuwa. Nilisikia neno hilo kabla ya kusikia mengine. Lori lilikuwa limeshindwa kusimama kwenye mteremko karibu na Kasomeno. Lilitoka barabarani, likapinduka. Breki zilikuwa mbovu. Paulin alimwambia mwenye lori juu ya breki hizo, kwa simu, mbele yangu, kwa sauti kubwa. Mwenye lori alimjibu, "Endesha polepole."

Chekecheke lilikuwa bado mkononi mwangu.

Ni lazima niwaambie mjusi alitoka wapi. Wakati wa kiangazi watu huchoma majani ili wakamate panya. Paulin alimkuta kando ya barabara, baada ya moto kupita. Alikuwa mjusi mnene, mwenye magamba yaliyopangwa kama vigae vya paa. Mguu mmoja wa mbele ulikuwa umeungua. Vidole vilikuwa vimekwisha.

"Mi sitaki nyoka mu nyumba," nilisema.

"Ile si nyoka, Honorine. Angalia miguu yake."

"Nyoka yenye miguu njo mubaya zaidi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mjusi akabaki.

Alimwita Chef de Gare, yaani mkuu wa stesheni. Babu yake Paulin alifanya kazi ya reli kule Kabalo. Mjusi alipanda juu ya tofali kila asubuhi, kifua mbele, akatazama mbali. "Angalia," Paulin alisema, "anangojea treni ya Kamina. Na ye hajue kama haitakuja."

Alimlisha mwenyewe. Ndani ya beseni moja aliweka pumba. Ndani ya pumba kulikuwa na funza wembamba, wa manjano, wenye ngozi ngumu. Kila jioni alichagua wachache, akawaweka kikombeni. Kisha alifungua kopo, akawamwagia unga mweupe, akatikisa kikombe. Funza wakatoka weupe kama waliopakwa poda.

Niliuliza mara moja, "Ile nyeupe ni nini?"

"Acha, mama. Ile kazi yangu."

Basi niliacha. Nilijua kwamba ni nyeupe, hakuna zaidi.

*

Wakati wa kilio nyumba ilijaa watu. Wanawake walilala chini, juu ya mikeka. Wanaume walikaa nje, penye moto. Tantine Victorine, shangazi yake Paulin, aliingia jikoni kutafuta unga wa bukari, ugali wetu. Tulimsikia akipiga kelele.

"Yesu wangu! Bantu ba hii nyumba banakulaka nini? Unga imejaa bidudu!"

"Tantine, ile si unga ya kula. Ni ya Paulin, ya…"

Hakunisikia. Alikuwa amekwisha kufungua lile kopo. Aligusa unga mweupe kwa kidole. Akanusa. Akageuka, akawatazama wanawake wengine.

"Pemba," alisema.

Ninyi mnaokaa hapa mnajua pemba. Ni ule udongo mweupe wanaouza sokoni. Wanawake wenye mimba huula. Hilo halimshangazi mtu. Lakini wazee wengine hupaka pemba wanapowaita wafu. Tantine hakuwa anafikiri juu ya wanawake wenye mimba.

Neno lilitoka jikoni, likapita sebuleni, likafika kwenye moto wa wanaume. Rigobert, kaka mkubwa wa Paulin, akaingia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ndugu yangu alikuwa analisha nyoka pemba?" aliuliza. "Kumbe."

Nililichukia lile neno kumbe. Bado ninalichukia. Mtu akisema kumbe, hatafuti tena. Ameshapata.

Tantine alimwaga beseni la Paulin kwa kuku wa jirani. Kuku walikula vizuri. Hakuna kuku aliyekufa kwa uchawi. Lile kopo alilitupa chooni.

Rigobert alitaka kumuua mjusi palepale. Mkatekista, mwalimu wa dini, alimzuia. "Usimwage damu mu kilio," alisema.

"Sawa," Rigobert alijibu. Alinielekezea kidole. "Lakini siku ya kutoa kilio, matanga ikiisha, shemeki, nitakuja na gunia. Nitamuchoma. Usimufiche."

Kesho yake alikuja mwenye lori. Alivaa shati safi. Alileta jeneza na mifuko ya unga. Watu walimshukuru. Tantine alimfutia kiti kwa kitenge chake ili asichafuke.

Mwenye lori alipewa kiti. Mjusi alitafutiwa gunia. Hakuna mtu aliyesema neno breki. Nilipolisema mimi, waliniambia nilie, nisiongee.

*

Watu walipoondoka, Exaucée alinivuta mkono. Alitoa kopo la maziwa chini ya kitanda.

"Mama, nilificha."

Ndani kulikuwa na pumba kidogo na funza waliobaki.

"Papa alisema banazala," alisema. "Tukibalisha muzuri, banazala bingi."

"Alikuambia tubalishe nini?"

"Hapana."

Wakati huo hasira yangu iliacha watu wote ikamwendea Paulin. Mwanamume gani anakufa bila kusema mnyama wake anakula nini? Alikuwa na wakati wa kufanya mizaha na mjusi kila asubuhi. Hakuwa na wakati wa kuniambia mimi, mke wake, neno moja. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia, lakini nililia kama mtu anayegombana.

Halafu nilijaribu. Niliwamwagia wale funza unga wa bukari, kwa sababu ndio niliokuwa nao. Niliona ni mkavu, nikaunyunyizia maji. Nikafunika kopo vizuri. Baada ya siku chache unga ukashika ukungu. Ukanuka. Funza wengi wakawa weusi na laini, wamekufa.

Niliwatenga waliobaki. Mjusi nilimhamishia chumba cha nyuma, na sanduku lake na tofali lake, nikafunga dirisha. Sikutaka majirani wamwone, wampelekee Rigobert habari. Na kwa sababu nilikumbuka unga mweupe, nilienda sokoni nikanunua pemba. Kama ni pemba, basi ni pemba, nilisema moyoni. Wao waogope. Mimi nitampa.

Nilisaga pemba, nikawapaka funza. Walitoka weupe, sawasawa na wa Paulin. Chef alikula. Walipokwisha, Exaucée alimkamatia panzi. Nao niliwapaka pemba.

Mvua zilipita. Kiangazi kikaanza. Chef aliacha kupanda juu ya tofali. Kisha aliacha kunyanyua tumbo. Alitembea kwa kujivuta, miguu ya nyuma ikimfuata kama kamba.

Exaucée alikaa mbele ya sanduku lake, magoti kifuani.

"Mama, Chef hawezi kusimama."

"Ninaona."

"Na ye ataenda Kasomeno?"

Sikuelewa mara moja. Halafu nilielewa. Kwa mtoto wangu, kufa ni kwenda Kasomeno. Nilitoka nje. Nilipiga ukuta kwa mkono mpaka ngozi ikachubuka. Sikumpenda mjusi yule. Lakini niliapa kwamba hatakufa, si kwa gunia wala kwa njaa. Mtoto yule hatazika tena mwaka huu.

*

Tangu Alhamisi ile sikupita kwenye kituo cha malori cha Naviundu. Sikutaka kuyaona. Lakini siku ile nilikuwa ninatafuta mtu wa kuniuzia panzi, na nilipita hapo kwa haraka, macho chini.

"Mama Exaucée!"

Alikuwa Mwila, yule anayeuza mayai ya kuchemsha. Beseni lake lilikuwa juu ya meza, na chumvi, na pilipili.

"Mama Exaucée, sema bwana yako abebe vitu vyake! Alibadilisha barabara? Madereva wa sasa ni bapya, habamujue. Maganda yake imejaa, sina tena fasi ya kutia miguu."

Alivuta mfuko mkubwa kutoka chini ya meza. Ulijaa maganda ya mayai.

"Maganda gani?" niliuliza.

"Haa! Si aliniombaka? Bantu bakimenya mayai, minamuwekea. Anaenda anatwanga, anapakala bidudu bya Chef de Gare wake. Tulimucheka hapa! Tulisema, Paulin, weye kula yai, mjusi akule ganda."

Mwila aliona nguo yangu nyeusi. Nafikiri hakuwa ameitazama mwanzoni. Mkono wake ulibaki hewani, na yai ndani.

"Hapana," alisema polepole. "Mama Exaucée, hapana."

"Wakati mvua ilianza," nilisema. "Kasomeno."

Alikaa chini juu ya kigoda chake. Mteja mmoja aliomba chumvi. Mwila akamwambia aondoke.

"Na miye nilikuwa ninamuwekea," alisema. "Kila siku. Nilikuwa ninamutukana, na ninamuwekea."

Baadaye nilimuuliza nani alimfundisha Paulin mambo ya maganda. "Ni ule dada wa kutunza nyama," alisema. "Mama Myriam, nyuma ya daraja. Anafanyaka kazi ku Kasapa, ku chuo kikuu."

Nilibeba mfuko wa maganda kichwani. Ulikuwa mwepesi sana. Ulilia kila hatua.

*

Myriam ni daktari wa wanyama. Alikuja nyumbani jioni ile ile, bado na koti lake la kazi. Nilimfungulia chumba cha nyuma. Alisimama mlangoni.

"Giza hii ni ya nini?"

"Minamuficha."

Alimshika Chef kwa mikono miwili. Alibonyeza taya lake kidogo kwa kidole. Taya lilikubali kama mpira.

"Unamupaka nini ku bidudu?"

"Pemba."

Myriam akaanza kucheka. Nilimkata.

"Usicheke mu nyumba yangu. Bantu bamecheka hapa ya kutosha."

"Samahani, mama," alisema, na uso wake ukabadilika. "Sikiliza. Pemba ni udongo. Haina kitu cha kufanya mufupa. Ganda ya yai iko nayo mingi. Inaitwa kalsiamu. Mifupa ya Chef imekuwa laini. Anakula, lakini mifupa haikule."

"Lakini Paulin alimupa funza, miye nilimupa funza, halafu panzi."

"Funza peke yake ina mafuta na nyama. Kalsiamu iko kidogo sana. Njo maana anapakala ganda. Na kitu ya pili ni jua. Bila jua, mwili wake hauwezi kutumia hata ile kalsiamu. Weye ulifunga dirisha."

"Juu ya shemeki wangu! Anataka kumuchoma."

"Chef hamujue shemeki wako."

Nilitaka kumfukuza. Lakini alikuwa anasema kweli, na ni yeye tu aliyekuwa anasema kitu. Tulimtoa Chef nje siku iliyofuata, jua la asubuhi. Nusu ya sanduku tulifunika kwa gunia, apate kivuli akisikia joto. Tuliweka kisahani cha maji.

"Sasa nioneshe bidudu," Myriam alisema.

Nilimwonyesha kopo lililobaki tupu, bado na ukungu. Alinusa, akakunja pua.

"Ulitia maji."

"Kila kitu kinakunywa maji!"

"Hawa banakunywa mu karoti. Weka kipande cha karoti ao cha kiazi juu ya pumba. Kikikauka ao kikioza, toa, weka kingine. Pumba ibaki kavu siku zote. Na usifunike nguvu. Tia kitambaa chepesi, wapate hewa."

Alileta funza wengine kutoka kwake. Tulichukua beseni la plastiki lenye kuta laini, kwa sababu hawawezi kupanda kuta laini. Tulimwaga pumba safi. Exaucée alikaa katikati yetu, akiuliza.

"Huyu amekufa?" Alionyesha mmoja mweupe, mfupi, aliyejikunja.

"Hapana. Huyu amelala," Myriam alisema. "Funza akikomaa, analala hivi. Hakuli, hatembei. Halafu anaamka mududu mweusi, mwenye mugongo mugumu. Ule mweusi njo baba na mama. Anataga mayai mu pumba. Mayai inakuwa funza tena."

"Kwa hiyo tusimupe Chef wote," Exaucée alisema.

"Njo hivyo! Ukikula mbegu yote, utapanda nini?"

Waliolala tuliwatenga katika beseni lao, kwa sababu wenzao huwatafuna. Wale weusi tuliwapa beseni la tatu. Baada ya wiki chache, weusi huhamishwa kwenye pumba mpya, na pumba ya zamani haitupwi. Inaonekana tupu. Si tupu. Mayai yamo.

"Na mabeseni yakae mbali na unga wenu," Myriam alisema. "Wakiingia mu unga, Tantine wako atakuwa na haki ya kupiga kelele. Tena, munaosha mikono na sabuni kila mara munagusa Chef. Vyombo vyake visiingie jikoni. Anaweza kubeba ugonjwa wa tumbo na yeye mwenyewe hana kitu."

Alisema pia Chef asile funza peke yake. Anahitaji majani laini, panzi, tunda kidogo. Panzi wasitoke kwenye shamba lililopulizwa dawa. Na alitaka Exaucée asikie neno moja. "Usiende kukamata mwingine. Nyama ya pori inakaa pori. Huyu anabaki kwa sababu hana vidole."

Maganda tuliyachemsha, tukayaanika. Kisha niliyatwanga kwenye kinu kidogo cha pekee. Nilitwanga kwa nguvu. Nilitwanga kama mtu anayemtwanga mtu. Nilichekecha, na kilichobaki chini kilikuwa unga mweupe. Ule ule.

"Wataniambia tena ni pemba," nilisema.

"Uko na ndimu?" Myriam aliuliza.

*

Wiki nyingi zilipita. Siku ya kutoa kilio, baada ya misa, Rigobert alikuja na gunia. Alikuja pia na chupa ya petroli. Watu wa familia walikuwa uani, na sahani zao.

"Shemeki, lete ile kintu."

"Kaa kwanza."

"Sikuje kukaa."

"Basi simama, lakini angalia."

Niliweka visahani viwili juu ya meza. Katika kimoja niliweka pemba ya sokoni. Katika kingine niliweka unga wa maganda. Tantine Victorine alisogea.

"Tantine, sema, pemba ni ipi?"

Alitazama. Aligusa. "Zote mbili."

"Vizuri. Rigobert, kamua ndimu."

Alinitazama kwa dharau, lakini watu walikuwa wanangoja. Alikamulia ndimu kwenye pemba. Ililowa tu. Pemba ikawa tope. Alikamulia ndimu kwenye unga wa maganda. Ukaanza kutoa povu. Ukachemka bila moto, mapovu madogomadogo, yakilia polepole.

Watu walirudi nyuma. Mimi nilimshika Rigobert mkono, asiondoke.

"Ni maganda ya mayai," nilisema. "Udongo hautoi povu. Ganda linatoa. Mwila wa mayai alimuwekea ndugu yako. Nendeni mumuulize. Kile mulitupa chooni ni dawa ya mifupa. Bidudu mulipatia kuku ni chakula ya mjusi, muganga wa nyama njo alimufundisha Paulin. Alikuwa anatunza mnyama aliyeungua. Hakuna kingine!"

Nilikuwa ninapiga kelele. Sikuona haya.

Tantine aliinamia kisahani, akanusa povu. "Kumbe Chef anakulaka mayai kuliko siye," alisema. Mtu mmoja akacheka, akajizuia.

Rigobert hakucheka. Chupa ilikuwa bado mkononi mwake.

"Sasa ndugu yangu aliuawa na nini?" aliuliza.

Aliuliza kama mtoto. Hapo niliona kwamba alikuwa amelibeba lile gunia tangu mvua, kwa sababu bila gunia hakuwa na kitu cha kushika. Lakini sikumhurumia. Bado.

"Na breki," nilisema. "Nilikuambia siku ya kilio. Ulinikataza kuongea. Mwenye lori mulimufutia kiti."

Nyuma ya nyumba Exaucée aliita. Tulienda wote. Chef alikuwa juu ya tofali lake, ndani ya jua. Miguu ya nyuma ilitetemeka. Lakini tumbo lilikuwa juu, na kifua mbele.

"Treni ikifika, piga kengele," Exaucée alimwambia.

Rigobert aliweka gunia chini, akaenda kusimama kwenye ukuta, mgongo kwetu.

*

Taya la Chef limebaki limepinda kidogo. Myriam anasema halitanyooka tena. Miguu imekaza. Mabeseni yamejaa, na nimewapa Myriam na majirani wawili mbegu ya funza. Mwila ananiwekea maganda. Sasa ninapita kwenye kituo bila kuangalia chini.

Lori limetengenezwa. Lina dereva mwingine. Rigobert na mimi tulienda mara mbili kwa mwenye lori kuuliza juu ya breki, na mara mbili tuliambiwa hayupo. Tutarudi.

Kila Jumamosi Rigobert huleta pumba ya funza kutoka kwenye mashine ya kusaga. Haingii ndani. Anaiacha mlangoni.